Binti kakubaliwa Grinnell na Carleton, anataka kemia. Aende wapi?

#1 Mjomba wa Kibosho (Aprili 2023)

Wakuu, habari za jioni.

Nina binti wa dada yangu. Kamaliza Form Six mwaka jana, PCB, Division One ya pointi nne. JKT kapita, karudi nyumbani, akawa anafundisha tuisheni ya kemia kwa watoto wa Form Two huku akijaza maombi ya vyuo vya Marekani. Sisi tulidhani anacheza. Machi majibu yametoka: vyuo viwili vimemkubali na vyote vimempa ufadhili. Kimoja ni Grinnell, jimbo la Iowa. Kingine ni Carleton, kipo Northfield, Minnesota. Mpaka tarehe 1 Mei awe amesema anakwenda kipi.

Suala la hela tumelipigia hesabu na mama yake. Tunachotakiwa kuchangia kinakaribiana mno, tofauti haifiki hata nusu ya tiketi ya ndege. Kwa hiyo tafadhali msinijibu "nenda wanakotoa zaidi".

Anachotaka ni kemia, hasa upande wa dawa: molekuli inatengenezwaje, ikifika mwilini inashika wapi. Udaktari hataki, nimemuuliza akiwa peke yake na nimemuuliza mbele ya mama yake, jibu ni lilelile.

Nilichokusanya mpaka sasa ni kwamba vyote ni vidogo. Grinnell wana wanafunzi kama 1,700, Carleton kama 2,000. Kuna sekondari za kata zinazowazidi. Hakuna masters, hakuna PhD, ni shahada ya kwanza tu. Ni vya zamani, Grinnell 1846 na Carleton 1866, lakini huku kwetu hakuna aliyewahi kuvisikia. Shemeji yangu swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwani Harvard hawakujibu?"

Wenye uzoefu nisaidieni.

#2 Chuma Ulete

Mkuu unamtoa binti kwenye migomba ya Kibosho unampeleka Iowa kwenye mahindi na nguruwe? Si bora abaki tu, ndizi ni tamu zaidi.

Natania. Hongera sana kwa familia. Nakaa hapa kona nisome.

#3 Nyamwezi Halisi

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa kusema. Mtoto ana Division One ya PCB, yuko Kilimanjaro, KCMC iko pale chini. Muhimbili ipo. MD hapa nchini ni miaka mitano kutoka Form Six, ukiongeza mwaka mmoja wa intern umekuwa daktari. Huko Marekani anakwenda kusoma miaka minne ya "kemia" kwenye kijiji, halafu akitaka udaktari anaanza upya. Na vyuo vya udaktari vya kule vingi havipokei kabisa mtu asiye raia au asiye na green card, na vichache vinavyopokea vinaweza kukudai uoneshe hela ya miaka yote minne ipo benki. Hilo mnalijua?

#4 Mjomba wa Kibosho

@Nyamwezi Halisi asante kaka, hilo la udaktari ni la kweli na ndilo lililonifanya nimuulize mara mbili. Kama angetaka kuvaa koti jeupe wodini tungekuwa tunaongea KCMC saa hizi na huu uzi usingekuwepo. Yeye anataka maabara.

#5 Otis wa Kisumu

Salamu kutoka upande wa pili wa ziwa.

Wazee, hivi vyuo vidogo huku Kenya tumevizoea kiasi. Tangu 2004 kuna mpango unaitwa KenSAP, unachukua vijana waliofanya vizuri KCSE na kuwasaidia kuomba vyuo vya Marekani vyenye ufadhili kamili. Mmoja wa waanzilishi ni Mike Boit, yule mkimbiaji wa shaba ya mita 800, Munich 1972. Kwa hiyo mtu akisema amepata chuo ambacho hujawahi kusikia jina lake, usikimbilie kucheka. Uliza kwanza wanafunzi wa pale huishia wapi.

Na kwa sayansi hivi vyuo si vya kubahatisha. Ukichukua idadi ya wahitimu wa chuo halafu uone wangapi kwa kila mia walifika PhD ya sayansi, vyuo vidogo vya aina hii vinapanda juu kuliko vyuo vikubwa vingi vyenye majina. Carleton na Grinnell wote wamo kwenye hizo orodha mwaka baada ya mwaka. Sababu si uchawi. Profesa hana mwanafunzi wa PhD wa kumfanyia kazi, kwa hiyo akitaka utafiti wake usonge lazima akuchukue wewe wa miaka 20.

#6 Mwalimu wa Zamu

Naingilia kama mwalimu wa sekondari, miaka mingi kwenye kemia. Mjomba, umeangalia watampa cheti gani?

Nimesoma kurasa za vyuo vyote viwili jana usiku. Vyote vinatoa BA tu. Hakuna BSc. Asome fizikia, asome kemia, asome hisabati, siku ya mahafali anapewa Bachelor of Arts.

Sasa akirudi nyumbani na "BA Chemistry" anakwenda wapi nayo? Fungua tangazo lolote la kazi la Sekretarieti ya Ajira, wameandika waziwazi shahada ya sayansi katika kemia. Afisa wa kuchambua maombi hana muda wa kusikiliza historia ya vyuo vya Iowa. Anaona BA, anaweka pembeni.

#7 Mjomba wa Kibosho

Mwalimu umenitoa jasho. Hili sikuliona kabisa. Dada akisikia "Arts" patachimbika hapa nyumbani.

#8 Nyamwezi Halisi

Nilisema.

#9 Tindikali

Mwalimu wa Zamu yuko sahihi kwenye ukweli, ila hitimisho lake nitalipinga. Mimi nimepitia chuo kidogo cha aina hii (sitakitaja, si kati ya hivi viwili), sasa hivi nipo mwaka wa nne wa PhD ya kemia.

Hiyo BA ni desturi ya vyuo hivi, haipimi sayansi iliyomo ndani. Cambridge Uingereza hadi leo mtu akimaliza miaka mitatu ya sayansi asilia anapewa BA, na sijaona anayemcheka. Thomas Cech alipata BA ya kemia Grinnell mwaka 1970, akaenda Berkeley kufanya PhD, na mwaka 1989 akachukua Nobel ya kemia pamoja na Sidney Altman kwa kuonesha kwamba RNA yenyewe inaweza kuendesha mmenyuko, kazi ambayo watu walidhani ni ya protini peke yake. Mary-Claire King, aliyeonesha mwaka 1990 kwamba jeni ya saratani ya matiti ya kurithi ipo kwenye kromosomu ya 17, ile BRCA1, digrii yake ya kwanza ni ya hisabati, ya Carleton. Umeona, kila chuo kina wa kwake wa kujivunia, kwa hiyo hapo hakuna mshindi.

Lakini Mwalimu ana hoja kwa mtu anayetaka kurudi na digrii moja na kutafuta ajira ya serikali. Huyo atapata usumbufu. Atapeleka cheti TCU, tume ya vyuo vikuu, kitambuliwe, ataambatanisha transkripti inayoonesha masomo yote, na bado atakutana na afisa anayesoma herufi mbili tu. Kwa mtu anayelenga maabara, mambo ni mengine. Marekani PhD ya kemia unaingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, ada inalipwa na posho unapewa. Akirudi na PhD hakuna atakayeuliza habari za BA. Kwa hiyo Mjomba, swali la kumuuliza binti ni hili: je, unaiona PhD mbele yako, au unataka uishie kwenye digrii moja? Akijibu la pili, hata mimi nitakwambia UDSM ni salama zaidi.

Kesho nitarudi kwenye tofauti za vyuo vyenyewe. Sasa hivi nina sampuli kwenye mashine.

#10 Mwalimu wa Zamu

Nimeelewa. Ila waambieni watoto kabla hawajaondoka, wasije wakagundua kwenye mahafali.

#11 Mjomba wa Kibosho

Nimempigia. Kajibu bila kufikiri: "Mjomba, PhD ndiyo sababu ya yote haya." Endeleeni.

#12 Mama Theluji

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni muuguzi, naishi upande wa Minneapolis. Kemia sijui, ila Northfield naijua kwa sababu kuna rafiki nakwenda kumtembelea.

Ni mji mdogo mzuri wa watu kama 20,000, una vyuo viwili, Carleton na St. Olaf, vinatazamana ng'ambo ya mto. Kuna kiwanda cha nafaka za kifungua kinywa, siku nyingine mji mzima unanukia kama jikoni kwa mtu. Ni kama kilomita 65 kusini ya Minneapolis. Hapa mjini kuna Wasomali wengi kuliko mji wowote wa Marekani, na Waafrika Mashariki wengine tupo, kwa hiyo unga wa ugali, mbuzi, viungo, msikiti, misa ya Kiswahili, vyote haviko mbali akikwama.

Jambo la pili, mdogo wangu Mjomba, ni ndege. Kutoka Minneapolis kuna ndege ya moja kwa moja hadi Amsterdam, na kutoka Amsterdam KLM wanashuka KIA. Ndege mbili tu binti yupo Kilimanjaro. Grinnell unaanzia Des Moines, kama kilomita 90 kutoka chuoni, uwanja mdogo, lazima uunganishe kwanza ndani ya Marekani.

Baridi msiiongelee. Minnesota na Iowa zote utavaa hadi usijijue. Minnesota imezidi kidogo.

#13 Mjomba wa Kibosho

Dada Mama Theluji, umempa mama yake kura. Amesikia "KIA" akasimama.

#14 Otis wa Kisumu

Na kuna kitu cha kuongeza hapo hapo. Carleton hawana semista. Wana mihula mitatu ya wiki kumi kumi. Muhula wa kwanza unaanza katikati ya Septemba na unaisha kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Kisha likizo mpaka mwaka mpya. Ni wiki kama sita! Nasikia nyinyi Wachaga Desemba ni lazima mpande mlimani. Chuo kimepangwa kwa ajili yenu.

#15 Chuma Ulete

Otis umemaliza mjadala 😂 Krismasi Kibosho, Januari Northfield. Funga uzi.

#16 Tindikali

Msifunge bado. Hiyo mihula ya wiki kumi ndiyo hasa niliyotaka kuizungumzia, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya vyuo hivi viwili. Mengine yote (umri, majengo, nafasi kwenye orodha za magazeti) yanakaribiana kiasi kwamba ukirusha shilingi hutakosea sana.

Mtoto wetu anatoka kwenye mfumo wa NECTA. Miaka miwili unasoma, unasahau, unarudia, miezi mitatu ya mwisho unakesha na past papers, mtihani mmoja unaamua. Tumefundishwa kukimbia mwishoni. Kule kila wiki kuna maswali ya kukusanya, kila wiki kuna ripoti ya maabara, na kila kimoja kina alama zinazoingia kwenye jumla. Hakuna mwishoni pa kukimbilia.

Carleton unachukua masomo matatu kwa wiki kumi. Wiki ya tatu mtihani wa kwanza unaweza kuwa umeshafika. Ukiugua wiki moja umepoteza sehemu ya kumi ya somo zima. Kwa mtu aliyetua juzi, ambaye bado anatafsiri kichwani lafudhi ya profesa na hajui ofisi ya bima iko jengo gani, muhula wa kwanza unaweza kupita kabla hajakaa sawa. Nao mwaka una mihula mitatu, maana yake mitihani ya mwisho mara tatu.

Grinnell ni semista mbili, wiki kumi na nne na zaidi kila moja, masomo manne kwa kawaida. Ni mengi zaidi kwa wakati mmoja lakini yanakwenda taratibu. Unaweza kufeli jaribio la kwanza la kemia, ukaenda ofisini kwa profesa, ukajua unakosea wapi, na bado ukabakiwa na miezi miwili na nusu ya kurekebisha. Mimi chuo changu kilikuwa cha semista na hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Tofauti ya pili ni masharti. Grinnell wana somo moja tu la lazima kwa wote, semina ya mwaka wa kwanza wanayoiita Tutorial, na anayekufundisha semina hiyo ndiye mshauri wako wa masomo mpaka utakapochagua fani. Mengine unapanga naye. Carleton wana orodha: sanaa, fasihi, sayansi ya jamii, na hata mazoezi ya mwili yamo. Mimi binafsi orodha hainisumbui, inamtoa mtu maabara akaona dunia. Ila kemia ina mlolongo wake mrefu, na anayetaka kuchanganya na biolojia atafurahia uhuru wa Grinnell.

Tatu, na hapa naomba Mjomba usome mara mbili: majira ya joto. Barua nzito ya profesa, ile inayokuingiza PhD, inatoka kwenye kiangazi ulichokaa maabara yake. Wanafunzi wa Kimarekani wana mlango wa ziada, programu za utafiti za NSF, mfuko wa sayansi wa serikali yao, kwenye vyuo vikuu vingine, wanazoziita REU. Zile ni za raia na wenye makazi ya kudumu tu. Sisi hatumo. Chuoni kwetu hakuna aliyeniambia hilo, nikajua mwaka wa tatu nikiwa nimeshajaza fomu. Kwa hiyo mwanafunzi kutoka kwetu anategemea hela ya chuo chenyewe. Grinnell wana mpango unaoitwa MAP, unafanya utafiti chini ya profesa, kiangazi wiki kumi kwa posho. Carleton nao wanalipa wanafunzi kufanya utafiti kiangazi. Binti aandike barua pepe idara ya kemia kote kuwili, aulize swali moja kavu: kiangazi kilichopita wanafunzi wangapi wa kigeni walilipwa kufanya utafiti, na walianza wakiwa mwaka wa ngapi? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko huu uzi wote.

Mashine msiulize. NMR, ile mashine ya kuonesha muundo wa molekuli, ipo kote. Cha kuuliza ni nani anaigusa. Chuo kikuu kikubwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anaoneshwa kupitia kioo kwa sababu foleni ya watu wa PhD ni ndefu. Kwenye vyuo hivi hiyo foleni haipo.

#17 Otis wa Kisumu

Tindikali nakuheshimu lakini hapo kwa wiki kumi umetisha watu bure. Masomo matatu ni matatu. Akili inatulia kwa vitu vichache. Mtu aliyekesha na PCB, masomo matatu hayohayo, atajisikia nyumbani! Masomo manne na maabara mbili kwa semista, wacha nikuambie, hiyo ndiyo huchosha.

Na Carleton kila mwanafunzi lazima afanye kazi kubwa ya mwisho kwenye fani yake, wanaiita comps. Huwezi kuhitimu bila hiyo. Grinnell andiko la mwisho si lazima kwa kila mtu. Anayelenga PhD anahitaji hilo shinikizo.

#18 Tindikali

Hoja ya comps naikubali, ina uzito. Ya masomo matatu tutabaki tumetofautiana. PCB ilikuwa matatu kwa miaka miwili, bwana, si kwa wiki kumi.

#19 Sayari ya Nne

Samahani kuchelewa. Mimi nilisoma jiolojia UDSM. Kama binti angekuwa anataka mawe nisingewaacha mjadili. Idara ya jiolojia ya Carleton ni maarufu kweli. Iliasisiwa na Laurence Gould, aliyekuwa msaidizi mkuu wa Byrd, yule mpelelezi wa Kimarekani, kwenye msafara wa Antaktika, halafu akawa rais wa chuo chenyewe kuanzia 1945 hadi 1962. Na wana kituo cha kuangalia nyota, Goodsell, jengo la 1887. Walikuwa wanapima saa kwa nyota na kupeleka muda sahihi kwa makampuni ya reli, treni zisigongane. Halihusiani na kemia, najua, lakini nimeshindwa kupita.

#20 Chuma Ulete

Jamani kumbe utani wangu wa nguruwe una ushahidi! Nimeingia mtandaoni kuisoma hiyo Grinnell.

Kuna kijana anaitwa Robert Noyce, alikuwa anasoma fizikia na hisabati pale. Mwaka 1948 vijana wa bweni lake wakaandaa sherehe ya nyama choma ya kuzika ardhini, mtindo wa Hawaii. Hawakuwa na nguruwe. Noyce na mwenzake wakaenda usiku shambani wakamwiba. Kesho yake roho ikawasuta, wakaenda kwa mwenye shamba kulipa. Iowa hiyo, jimbo la wakulima, kuiba nguruwe si mchezo! Ilibidi profesa wake wa fizikia, Grant Gale, na rais wa chuo wamwombee asifukuzwe moja kwa moja. Wakamsimamisha semista moja.

Karudi, na Gale huyohuyo akapata transista, kile kifaa kidogo cha kuongoza umeme, kilikuwa kimevumbuliwa maabara za Bell Labs juzi tu, akawafundisha kwayo. Vyuo vingi vikubwa havikuwa hata vimeanza kukifundisha. Noyce akamaliza 1949, akaenda MIT, mwaka 1959 akabuni sakiti jumuishi ya silikoni, yaani chipu, na 1968 akaanzisha Intel na Gordon Moore. Simu unayosomea uzi huu ina ukoo na mwizi wa nguruwe.

#21 Tindikali

Na ukoo unaendelea hadi kwenye ada ya mpwa wa Mjomba. Noyce aliporudi kuwa kwenye bodi ya chuo, Grinnell wakanunua hisa za Intel kampuni ikiwa changa kabisa. Kwenye bodi hiyohiyo alikaa pia Warren Buffett. Leo mfuko wa akiba wa chuo umezidi dola bilioni 2, kwa wanafunzi 1,700. Ndiyo maana chuo cha katikati ya mahindi kinaweza kumlipia binti wa Kibosho.

#22 Nyamwezi Halisi

Hii ya nguruwe nimeipenda. Bado nasema KCMC.

#23 Mama Theluji

Tindikali na Otis, mmeongea ya darasani vizuri sana. Ila mniruhusu niulize kama mama: atafanya kazi? Hela ya mfukoni, ya sabuni, ya kumtumia mama yake elfu hamsini?

#24 Otis wa Kisumu

Mama, kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anaruhusiwa kazi za chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Maktaba, jikoni, na akishapita mwaka wa kwanza anaweza kuwa msaidizi wa maabara. Akihitimu ana miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yake, na kwa kuwa kemia ni sayansi anaweza kuongezewa miezi 24. Hiyo haijali cheti kimeandikwa BA, wanaangalia fani.

#25 Mwalimu wa Zamu

Hapo kwenye "wanaangalia fani" nimefurahi. Natamani na Sekretarieti wangekuwa hivyo.

#26 Mpwa Mwenyewe

Shikamooni wote. Mjomba amenipa linki nikasome, nimesoma mpaka chini. Asanteni sana kwa muda wenu, na Mwalimu asante kwa la BA. Mama alipiga kelele dakika kumi, nikamwonesha habari ya Cambridge akanyamaza.

Barua pepe niliandika kote kuwili, lile swali la kaka Tindikali nililinakili kama lilivyo. Wote walijibu kwa heshima na wote wana nafasi kwa wageni, kwa hiyo halikuniamulia kama nilivyotarajia. Lakini kuandika kulinisaidia kujiuliza mwenyewe nasomaje.

Mimi si mtu wa haraka. Form Five nilikuwa wa mwisho kabisa kwenye kemia ya kaboni kwa mhula mzima, wenzangu walishafika benzini mimi bado nahesabu elektroni. Nilivyoelewa, nimeelewa, na ndiyo maana niliweza kuwafundisha watoto wa tuisheni. Wiki kumi zingenipita hivihivi. Kaka Otis, najua umesema masomo matatu ni machache. Kwangu tatizo si wingi wa masomo.

Pia nataka kemia na biolojia vyote kwa uzito, na Grinnell nimeona somo lao la kwanza la biolojia linaanza kwa wanafunzi kufanya utafiti wao wenyewe badala ya kukariri sura za kitabu. Nimekariri vya kutosha.

Kuhusu KIA na Krismasi: mjomba, mama, nawapenda, lakini tiketi ya kila Desemba nani analipa?

Nimechagua Grinnell.

#27 Mjomba wa Kibosho

Mmesikia wenyewe. Mama yake yuko jikoni anasema sawa, ila kwa sauti ile mnayoijua.

#28 Otis wa Kisumu

Hongera sana mdogo wangu. Umejijua, hiyo inatosha kunishinda. Nimekubali.

#29 Tindikali

Hongera. Sasa mambo ya wiki hii, kwa mpangilio. Kwanza thibitisha Grinnell na usubiri barua yao ya kupokelewa uthibitisho. Ikishafika, siku hiyohiyo waandikie Carleton kwa adabu kwamba hutakwenda, usikae kimya, kuna mtu yuko kwenye orodha ya kusubiri anaangalia simu kila saa. Kisha Grinnell watakuomba taarifa za pasipoti na za fedha ili wakutolee I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza. Hakikisha jina kwenye pasipoti na kwenye vyeti vya NECTA linafanana herufi kwa herufi. Ikishatoka I-20 unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, risiti usiipoteze, ndipo unaomba miadi ya viza ubalozini Dar. Masomo yanaanza mwishoni mwa Agosti, na miadi hujaa.

#30 Mpwa Mwenyewe

Pasipoti ina jina la kati, vyeti havina 😭

#31 Mwalimu wa Zamu

Njoo inboksi sasa hivi. Utahitaji hati ya kiapo, na kesho ni Jumatatu.